Siku Saba za Mama Yustina

Mwezi uliopita halmashauri ya parokia yetu hapa Tunduma ilikaa kikao kizima, saa mbili na ushee, kujadili njiwa. Wamezaliana mno. Wanalala juu ya dari ya kanisa, chini ya bati, na kinyesi chao kimeanza kuchirizika ukutani mpaka karibu na kituo cha tisa cha Njia ya Msalaba. Mwenyekiti, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, mwenye karakana ya kuchomelea vyuma, alisema ni aibu nyumba ya Mungu kuwa najisi kiasi hiki. Alitumia neno hilohilo, najisi. Kisha akauliza, "Hivi hawa njiwa aliwaleta nani?" Wazee wakatazamana. Mmoja akasema watakuwa wamevuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kama kila kitu kingine katika mji huu, na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Aliyewaleta namjua, na siku waliyofika naijua, kwa sababu niliwabeba mwenyewe kwenye kikapu. Nilifungua mdomo mara mbili nikaufunga. Kura ikapigwa: utafungwa wavu wa waya, njiwa watafukuzwa. Nikarudi zangu nyumbani Chapwa na hasira ya bure, hasira ya mtu aliyenyamaza mahali alipotakiwa kusema. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba mwaka ninaotaka kuuelezea hapa, kosa langu lilikuwa kinyume chake. Nilisema mahali nilipotakiwa kunyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilifikaje parokiani, nani alinileta na kwa nini sikuendelea na shule, hayo yana hadithi ndefu isiyo na utamu, niyaache. Nilikuwa nikijifunza ukatekista kwa Padre Anselmi kila Jumatano, na siku nyingine nikishona mashuka na sare kwenye nyumba ya nyuma ya kanisa. Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba vitatu: cha cherehani, cha jiko, na kile tulicholala mimi na Mama Yustina. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, meza ya kupigia pasi, pasi ya mkaa iliyopinda mpini, na beseni jeupe la enameli ambalo halikuguswa kwa kazi nyingine yoyote duniani isipokuwa vitambaa vya altare. Dirisha lilitazama barabara, na barabarani kulikuwa na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka boda, usiku na mchana, madereva wakipika chai pembeni ya magurudumu. Harufu ya chumba ilikuwa mkaa, sabuni ya kipande na wanga. Mpaka leo nikipita mahali mtu anapiga pasi ya mkaa, napunguza mwendo.

Mama Yustina alikuwa Mnyiha, mjane wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mwenye maneno machache na makali. Kusoma hakujua. Lakini kitambaa alikisoma kuliko Padre alivyosoma misale, kitabu chake cha misa. Aliweza kukiinua kitambaa cha kufutia kikombe, akakielekeza dirishani, akasema, "Hapa, ona." Mimi naangalia, sioni kitu. "Divai ya Jumapili," anasema. "Padre ana haraka siku hizi." Na kweli ukiloweka, doa linaibuka. Kwa nguo nyeupe alitumia bluu ya kufulia, kile kidonge alichokifunga kwenye kitambaa na kukikorogea kwenye maji ya mwisho, na kwa miaka mingi ya kazi hiyo pembe za kucha zake zilikuwa zimeshika rangi isiyotoka. Akina mama wa jumuiya walimtania kwamba akifa, Mtakatifu Petro atamjua kwa vidole. Yeye alijibu kwamba wao Mtakatifu Petro atawajua kwa midomo.

Siku ya kwanza aliyonifundisha kazi, nilichukua maji ya kwanza ya vitambaa vile nikataka kuyamwaga kwenye mfereji wa nyuma. Alinidaka mkono. "Hayo hayaendi mferejini, mwanangu. Njoo." Akanipeleka kwenye ukuta wa sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya misa, mahali palipoachwa udongo mtupu na kuzungushiwa mawe, akamwaga taratibu, udongo ukanywa. Nikamwuliza kwa nini vitambaa hivi vinafuliwa peke yake, havichanganywi na nguo nyingine, na maji yake hayaguswi. Je, ni vichafu sana? Aliniangalia akacheka. "Vichafu? Vimegusa Damu ya Bwana, wewe. Vinatengwa kwa sababu ni vitakatifu." Nilikubali kama mtu anavyokubali jambo dogo, tukarudi ndani kula kiporo cha kande. Laiti ningeyashika maneno yale. Jibu la yote yaliyofuata lilikuwa mle, alinipa mwenyewe kwa mdomo wake siku ya kwanza, na mimi nikala kande.

Ilikuwa Kwaresima, jioni, mvua inapiga bati na sisi tunachambua maharage kwenye ungo, aliponiambia kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi: "Wewe una Biblia nzima. Hebu nitafutie panaposema habari za mwanamke ambaye damu haimkatiki." Leo hii binti yeyote mwenye akili angeuliza, "Kwani Mama unaumwa?" Mimi sikuuliza. Mimi niliona nafasi ya kujionyesha. Biblia ile ilikuwa mpya, ina faharasa nyuma, na nilikuwa najivunia kuifungua popote kwa haraka kuliko wanafunzi wenzangu. Nilimkumbuka mara moja yule mwanamke wa kwenye Injili aliyegusa pindo la vazi la Yesu akapona. Ningemsomea huyo ningekuwa nimemaliza. Lakini huyo kila mtu anamjua, nikajiambia, Mama amemsikia miaka yote kanisani. Nikataka kumpa ambayo hajawahi kuisikia. Nikafungua Walawi, sura ya kumi na tano, nikaisoma yote kwa sauti ya msomaji aliye kwenye ambo kanisani: kwamba mwanamke akitokwa damu siku nyingi nje ya siku zake ni najisi muda wote huo, kwamba kitanda anacholalia ni najisi, na chochote anachokalia, kwamba atakayevigusa atafua nguo zake na kuoga na kuwa najisi mpaka jioni, kwamba damu ikikoma atahesabu siku saba, na siku ya nane atampelekea kuhani njiwa wawili. Nilipomaliza nikafunga kitabu. Mama Yustina alikuwa ameacha kuchambua. "Ndivyo ilivyoandikwa?" aliuliza. "Neno kwa neno, Mama," nikasema kwa fahari. Akainuka, akanawa mikono, akaenda kulala bila kula.

Kesho yake asubuhi aliniita mezani, akanionyesha lile beseni jeupe. "Kuanzia leo utafua wewe. Mimi macho yananisumbua." Macho yale yaliyoona tone la divai lisiloonekana! Na mimi nikafurahi. Nilidhani nimepandishwa cheo. Jumapili hiyo watu walipopanga mstari wa Komunyo yeye alibaki kwenye benchi, amepiga magoti, uso kwenye viganja. Jumapili iliyofuata hivyohivyo. Alianza kukaa kigoda chake mwenyewe, akanikataza nisikalie kitanda chake, akaniambia nisifue shuka zake. Juu ya kizingiti cha dirisha akaweka kopo la maziwa lisilo na kitu. Siku moja nikasikia kitu kimedondoka ndani, tik, nikaangalia: punje moja ya mahindi. Kesho yake mbili. Baada ya siku nne nikasikia anazimwaga kwenye debe la kuku, na kopo likarudi kizingitini tupu. Nilipomwuliza alisema, "Nahesabu." Nikamwuliza anahesabu nini, na hapo ndipo aliponiambia, huku amenigeuzia mgongo, kwamba damu ilimrudia, mwaka mzima baada ya kukoma kwa utu uzima, inakuja inapoa inakuja, na kwamba anasubiri ifikie saba. "Ikifika saba nitarudi mezani pa Bwana. Na usimwambie mtu. Niapie." Nikaapa. Mtoto wa miaka kumi na tisa anaapa haraka kuliko anavyotandika kitanda.

Watu walizungumza, bila shaka. Nilikuwa ndani ya chumba cha cherehani na akina mama wawili wa jumuiya wamekaa barazani wakinywa chai ya maziwa, wanadhani nimetoka. "Miezi mitatu hakomuniki," mmoja alisema. "Ana mwanamume," mwenzake akajibu, "si unaona anavyojifungia? Labda dereva." "Yustina?" "Jivu halikosi kaa, dada." Wakacheka kwa huzuni ile ya watu wanaofurahia huzuni. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu zote ili wajue nipo. Hilo tu ndilo nililoweza. Ningewaambia kweli ningevunja kiapo, nisipowaambia jina lake linaliwa na chai. Nilishona mshono wa gunia kwenye sare ya mtoto wa watu, ikabidi niufumue wote.

Padre Anselmi alikuwa Mndali wa milima ya Ileje, mfupi, mpole, mwenye koti moja la sufu alilovaa kuanzia Mei mpaka Septemba. Masomo yake yalifuata Agano la Kale kitabu kwa kitabu, kwa hiyo Walawi ilitufikia Julai, baridi imekaza na vumbi la barabarani limetupasua midomo. Jumatano hiyo alianza na swali. "Mtu anamzika baba yake. Sheria ya Musa inasema atakuwa najisi siku saba. Je, kumzika baba ni dhambi?" Tukasema hapana, ni amri, waheshimu baba na mama. "Mwanamke anazaa. Sheria inasema ni najisi. Kuzaa ni dhambi?" Hapana. "Basi shikeni hili msiliachie: unajisi si dhambi. Si uchafu wa roho. Waisraeli waliamini damu ndimo uhai ulimo, na uhai ni mali ya Mungu. Mtu akigusa pale uhai unapoingia au unapovuja, damu, uzazi, maiti, amegusa jambo zito. Anakaa pembeni kwanza, anaoga, anasubiri, ndipo aikaribie hema ya Mungu aliye hai. Hakuadhibiwa. Alikuwa anafundishwa kwamba Mungu si wa kumkaribia ovyo." Akasimama akipuliza viganja. "Na alipokuja Kristo, aligusa mwenye ukoma, akaguswa na mwenye kutokwa damu, akamshika mkono binti aliyekufa. Kwa sheria alipaswa kuwa najisi mara tatu. Badala yake wao ndio waliotakasika. Tangu hapo Kanisa halimzuii mtu Komunyo kwa ajili ya damu ya mwili. Kinachozuia ni dhambi ya mauti." Wenzangu walikuwa wanaandika. Mimi kalamu ilikuwa imenishinda. Nilihesabu miezi kwa vidole chini ya dawati: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai.

Nilikimbia. Nilimkuta jikoni anasonga ugali, nikammwagia yote niliyoyasikia, vurugu tupu, Waisraeli, maiti, hema, mwenye ukoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta mwiko. "Kwa hiyo si dhambi," alisema. "Si dhambi, Mama! Si dhambi kabisa!" "Na Bikira Maria," akauliza, "fumbo la furaha la nne la rozari tunasali nini?" Nikasema: Yesu anatolewa hekaluni. "Walipeleka nini?" "Njiwa wawili," alijijibu. "Alikuwa na dhambi?" Nikasema hapana, ndiyo maana, ndiyo Padre anavyosema, hakuwa na dhambi na bado alitakaswa, kwa hiyo unajisi si dhambi. Mama Yustina aliniangalia kwa huruma, mimi ndiye niliyeonekana mgonjwa. "Mwanangu, kama asiye na dhambi alisubiri siku zake zikatimia, mimi mwenye dhambi niruke foleni?" Nje malori yalikuwa yanaunguruma yakisogea hatua moja. Miaka hii yote nimesoma, nimefundisha darasa la Komunyo ya kwanza watoto wasiohesabika, na jibu la kumridhisha mwanamke yule jikoni sijalipata.

Nilivunja kiapo jioni ileile. Nilimweleza Padre nikiwa nimetazama viatu vyake, maana kumtajia padre damu ya mwanamke ilikuwa aibu ya kufa. Hakunikaripia. Alivaa koti akaja, akakaa kwenye kigoda cha Mama Yustina kabla hajazuiwa, na Mama alipopiga ukelele kwamba kigoda hicho yeye hukikalia, Padre akasema, "Najua. Ndiyo maana nimekikalia." Walizungumza muda mrefu. Padre alimwambia kuhusu vitambaa vyake vya altare, kwamba yeye mwenyewe anajua si kila kinachotengwa ni kichafu. Nilipoyasikia hayo nikiwa mlangoni nikajua sasa Padre ameshinda. Mama Yustina akainamisha kichwa. "Unasema vizuri, Padre. Lakini maneno uliyoyasema ni yako. Yale nilisomewa Kitabuni." Padre akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza.

Hospitali nayo alikuwa ameikataa kwa sababu hiyohiyo, na hili sikulijua mpaka usiku ule lilipotamkwa. Tangu Aprili mpwa wake wa Vwawa alikuwa akimsihi wapande basi waende hospitali kubwa Mbeya. "Nikakalie kiti cha basi," alisema, "nishuke, akae mtoto wa mtu? Aende kwao na unajisi wangu hajui?" Padre alifunika uso kwa mikono. Mimi nilisoma aya moja ya kitanda na kiti, kwa sauti nzuri, na mwanamke huyu aliisikiliza kwa uaminifu kuliko yeyote niliyewahi kumfundisha, akawalinda abiria wasiomjua dhidi yake kwa miezi minne huku ugonjwa unamla. Agosti alikubali kwenda, kwa pikapu ya parokia, akikaa nyuma juu ya nailoni yake mwenyewe. Madaktari walikuwa wema. Walisema ni uvimbe wa mlango wa kizazi, umekwenda mbali, wakampa dawa za maumivu wakamrudisha. Mpwa wake aliuliza mara mbili kama angekuja mapema ingekuwaje. Daktari alimwambia maswali hayo hayasaidii mgonjwa, na mimi niliyekuwa nimesimama pale nikajua ni kwa nini hakujibu.

Oktoba alikuwa halali tena chali wala ubavu. Kopo lilikuwa palepale kizingitini. Dawa au nini sijui, damu ilimpoa, na alikuwa ameanza upya kuhesabu: anaangalia kitambaa chake mwenyewe, anakifua mwenyewe kwenye beseni la plastiki nililomwekea kando ya kitanda, maji ya mwisho ya bluu kama kawaida, akimaliza ananyoosha mkono na kudondosha punje. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Hajawahi kupita tano tangu Kwaresima. Siku ya tano homa ilimpanda, akalala kutwa, akawa haijui asubuhi wala jioni. Mchana wa siku ya sita nilimgeuza nibadilishe kitambaa, na damu ilikuwepo, nyingi. Nilisimama nimekishika. Nilijua akiamka na kukiona atazimwaga zile nne, na nilijua vilevile, kwa jinsi alivyokuwa anahema, kwamba hana siku saba nyingine. Nikamwekea kitambaa kisafi. Kile nikakifua nyuma ya nyumba, mbiombio kama mwizi, na maji yake ya kwanza sikuyamwaga mferejini. Miguu ilinipeleka yenyewe mpaka ukuta wa sakristia, kwenye mawe yale, nikayamwaga taratibu, udongo ukanywa. Nilisubiri mpaka siku ya saba, yeye bado yuko kwenye homa. Kisha nikaenda stoo, nikachota punje tatu kwenye gunia la mahindi, nikaja nikazitia kwenye kopo moja baada ya nyingine nimezishika zisilie.

Alipozinduka alasiri ile macho yalikuwa safi. "Leo siku ya ngapi?" Nikasema, "Ya saba, Mama. Ulikuwa unalala tu, lakini nimekuangalia mimi. Hakuna kitu." Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake na niliusema bila kupepesa. "Nipe kopo." Nikampa. Akazimimina kwenye kiganja, akaomba nimwinue, akaelekeza kiganja dirishani kwenye mwanga. Alizitazama muda mrefu mno. Kule barabarani mwanamke wa Kizambia alikuwa anamsalimia mtu, "Mulishani, mayo," na kusubiri ajibiwe. Mama Yustina akazirudisha punje kwenye kopo moja moja. "Saba," alisema. "Kamwite Padre. Na kesho, siku ya nane, usisahau njiwa."

Padre alikuja na stola na mafuta matakatifu. Nilitandika kitambaa cheupe cha altare nilichokifua mimi na kukipiga pasi mimi, juu ya meza yake ya pasi, mshumaa juu yake. Alipokea Komunyo mikono miwili ikiwa imefumbatana, ameufungua mdomo kama watoto wa zamani walivyofundishwa, kisha akafumba macho na machozi yakamtoka, hakuyafuta. Nilitamani kufurahi nikashindwa. Nilijua mwili wake unavuja wakati ule ule chini ya blanketi na kwamba mbele za Mungu haina neno, haina neno kabisa, na bado nilijiona mwizi ndani ya hema ya kukutania.

Njiwa nilikwenda kuwachukua kwa Mzee Rajabu, mtu wa Kigoma, msafirishaji wa zamani aliyefuga njiwa nyuma ya nyumba yake karibu na soko. Aliniuliza Wakristo tangu lini wanatoa njiwa. Sijui kwa nini nilimweleza. Labda kwa sababu hakuwa wa kwetu. Alisikiliza huku anawafunga miguu kwa uzi. "Kwetu mwanamke akiwa kwenye siku zake haswali, wala hadaiwi swala hizo," alisema. "Lakini damu ya ugonjwa ni jambo jingine. Hiyo anajisafisha, anatawadha, anaswali zake. Ugonjwa si kosa la mtu." Akanikabidhi kikapu. "Hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo?" Nikamwambia alikuwa naye, tena wengi. "Basi pole, mwanangu," alisema.

Padre aliwapokea wale njiwa wawili mlangoni pa chumba, mbele ya macho ya Mama Yustina, kwa uzito wote kana kwamba ni kazi yake ya kila siku. Akawainua kidogo, akasema, "Bwana ameipokea sadaka yako." Hakuwachinja. Aliwafungulia miguu uani, wakarukaruka wakakaa juu ya bati la kanisa, na yeye akabaki amesimama na uzi mkononi. Siku ya tatu baada ya hapo Mama Yustina alikufa, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeenda kuchota maji. Akina mama wa jumuiya walimwosha na kulia sana, na yule aliyesema jivu halikosi kaa ndiye aliyelia zaidi. Hakuna aliyeuliza kitu, na mimi sikusema.

Wiki moja baada ya mazishi niliambiwa nisafishe chumba. Mpwa wake alichukua nguo, mimi nikaomba kopo. Nilikaa kwenye kitanda chake, mara ya kwanza nakikalia, nikazimimina zile punje kwenye kiganja changu karibu na dirisha, mahali alipozitazamia yeye. Nne zilikuwa na rangi ya bluu, imeingia kwenye ncha na mikunjo, kutoka kwenye vidole vyake vilivyotoka kufua. Tatu zilikuwa nyeupe tupu, kama zilivyotoka kwenye gunia. Hata kipofu angezitenganisha. Na huyu alikuwa Mama Yustina, aliyeona tone la divai ambalo sisi wote hatukuliona. Alizielekeza kwenye mwanga, akaziangalia mpaka akamaliza, akageuka akanitazama mimi niliyesimama na uongo wangu, na akasema saba.